Mlango wa Mwaliko: Mjadala wa Kombewa

Kila uingiapo mwezi wa Juni, wapenzi wa tenisi hurejea katika swali ambalo halijapata kuamuliwa, nalo ni hili: mwenye mashindano, akiisha kuwaandika wote waliojipatia haki ya kucheza kwa daraja zao katika orodha ya ubora wa ulimwengu, na akiisha kuwaongeza waliopenya katika mchujo, zile nafasi chache zinazobaki mkononi mwake, ambazo ni za mwaliko tu wala hapana awezaye kumdai, ampe nani? Ampe kijana wa miaka kumi na saba anayetarajiwa makuu, au ampe mtu mzima aliyesota miaka kumi katika mashindano ya daraja la chini, na ambaye nyota yake imeng'aa wakati ambapo wenziwe wa rika lake wanatafuta kazi nyingine? Huko Wimbledon hesabu iko wazi: katika wachezaji 128 wa jedwali la mmoja mmoja, 104 huingia kwa daraja, 16 kwa mchujo, na 8 hualikwa. Hao wanane ndio wazuao maneno.

Mimi nililisikia swali hilo likijadiliwa Kombewa, katika nchi ya Seme, kando ya barabara itokayo Kisian kwenda Bondo, mahali ambapo ukitaja mchezo watu hufahamu kandanda kwanza na voliboli baadaye. Waliolijadili walikuwa watatu, nao nitawataja kwa kazi zao: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama mchuuzi wa omena, na binti mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno. Mwalimu ndiye mkongwe wa mchezo huu miongoni mwao. Angali anayo raketi ya mbao aliyoinunua akiwa chuo cha ualimu, imebanwa ndani ya fremu yake ya mbao yenye parafujo nne pembeni isije ikapinda kwa unyevu wa ziwani, na ingawa nyuzi zake za katikati zimekatika tangu zamani, kila parafujo ina mafuta mapya.

Kilicholeta maneno ni habari ya Mwingereza mmoja, Billy Harris, aliyekulia katika kisiwa cha Man. Bwana huyu hakuwa mtoto wa ajabu. Kwa muda wa miaka mitatu alizunguka Ulaya akiishi ndani ya gari la mizigo aina ya Ford Transit, godoro nyuma na mashine ya kufungia nyuzi za raketi kando yake, akitoka mji huu kwenda mji ule kutafuta pointi moja moja. Mwaka 1995 ndio aliozaliwa. Na ilipofika Juni 2024, akiwa na miaka 29 na bado yu nje ya mia na hamsini bora, alialikwa katika mashindano ya Queen's Club mjini London akafika robo fainali, wiki iliyofuata akafika nusu fainali huko Eastbourne, na akapewa pia mojawapo ya zile nafasi nane za Wimbledon. Raundi ya kwanza tu akatolewa. Je, nafasi ile ilipotea bure?

MWANAFUNZI: Ilipotea, na si kwa sababu alishindwa. Ilipotea kwa kuwa haikupasa kuwapo. Mwalimu, wewe ulitufundisha darasani kwamba mtihani ni mmoja kwa wote. Orodha ya ubora ndiyo mtihani wa tenisi. Mwenye daraja la 105 akiachwa nje, kisha wa daraja la 160 akaingizwa kwa kuwa amezaliwa jirani na uwanja, hiyo si fadhila tena, ni dhuluma iliyovikwa kanzu ya fadhila. Futeni mialiko, muongeze mchujo, kila mtu aingie kwa mkono wake.

MWALIMU: Binti yangu, maneno yako yana insafu, lakini insafu yake ni ya karatasini. Mtihani ni mmoja kwa wote iwapo wote wamekaa darasa moja. Orodha hiyo unayoiheshimu hujengwa kwa pointi, na pointi hupatikana kwa kusafiri, na kusafiri ni fedha. Mwanamume akitwaa ubingwa wa mashindano ya daraja la dola elfu kumi na tano, yaani akiwashinda watu watano kwa juma moja bila kushindwa hata mara moja, hupokea dola 2,160, ambazo hazifikii laki tatu za Kenya, na humo atoe ndege, chakula, malazi na kodi. Ilhali Wimbledon ya 2025, aliyeshindwa siku ya kwanza tu aliondoka na pauni 66,000, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni kumi na moja. Mwaliko mmoja huwa ni nauli ya miaka miwili. Kwa hiyo mimi siufuti mwaliko. Nasema apewe kijana, kwa maana kijana ana miaka ya kuurudisha mkopo. Huyo wa miaka ishirini na tisa, hata ukimpa, atakuchezea misimu mingapi?

Hapa ndipo Mama, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akihesabu magorogoro ya omena na mteja wake dirishani, alipogeuka.

MAMA: Jaduong', nisamehe nikikuingilia. Biashara hii nimeianza nikiwa na watoto wanne, mkubwa yuko kidato cha pili. Ingekuwa sheria kwamba mkopo hupewa msichana asiye na mtoto, kwa kuwa ana miaka mingi ya kulipa, leo nisingekuwa na hata gunia. Nani kakuambia mtu hukomaa kwa tarehe?

Mwalimu hakujibu haraka, na mimi nimeona ni haki yake kumletea ushahidi wake wenye nguvu kuliko wote, kwa kuwa aliuleta mwenyewe baada ya kikombe cha pili, na sijapata kusikia hoja ya kumwalika kijana ikisemwa kwa uzuri kuliko alivyoisema yeye. Alisema habari za Victoria Mboko. Binti huyu wa Kanada, ambaye wazazi wake ni Wakongo waliohamia ng'ambo, aliuanza mwaka 2025 akiwa nje ya mia tatu bora. Ilipofika mwezi wa Julai, akiwa na miaka 18 na amekwisha kupanda hadi nafasi ya 85, Wakanada walimpa mwaliko katika mashindano yao makubwa ya Montreal. Aliwashinda mabingwa wanne wa mataji makuu, Kenin, Gauff, Rybakina, na katika fainali Osaka, akalichukua taji mbele ya watu wa nchi yake. "Lau wangempa mwaliko ule mtu wa miaka thelathini kwa kumhurumia," alisema Mwalimu, "ulimwengu ungengoja mpaka lini kumjua mtoto yule?"

Kisha Mwanafunzi akasema jambo ambalo, kwa rai yangu, ndilo lililoubadilisha mjadala wote, nalo nitalieleza kwa urefu kwa kuwa limelala katika nyaraka za Wimbledon wala si wengi wanaolikumbuka.

MWANAFUNZI: Mwalimu, je, unajua Mboko alishindwa na nani Julai 2022? Ilikuwa fainali ya wasichana wawili wawili, Wimbledon. Yeye na Kayla Cross wa Kanada upande mmoja. Upande wa pili Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi na Angella Okutoyi wetu. Wakanada walitwaa seti ya kwanza sita kwa tatu, wakapoteza ya pili sita kwa nne, na ile ya kumalizia wakashindwa kumi na moja kwa tisa. Pointi mbili! Siku ile Mkenya alitwaa taji la Grand Slam kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe. Sasa nieleze: hawa mabinti wawili walisimama wakitazamana, wavu mmoja kati yao. Miaka mitatu baadaye mmoja kaalikwa Montreal akawa bingwa. Huyu wa pili nani wa kumwalika?

Pakawa kimya, kwa sababu kila mmoja alilijua jibu, na jibu lenyewe ni chungu. Okutoyi hakuinuka kwa mteremko. Mama yake alifariki wakati wa kumzaa yeye na pacha wake, wakalelewa na bibi yao jijini Nairobi. Akapitia kituo cha mazoezi cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi huko Casablanca. Mwishoni mwa 2021 akawa bingwa wa Afrika wa vijana huko Sousse, Tunisia. Januari 2022 akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mchezo katika Grand Slam ya vijana, akafika raundi ya tatu huko Australia. Baada ya taji la Wimbledon alikwenda kusoma na kucheza katika chuo cha Auburn, Marekani, na Machi 2024 akatwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Dhahabu ile ilikuwa ufunguo wa Olimpiki ya Paris, ila kwa sharti moja: awe ndani ya mia nne bora katika orodha ya ubora. Hakuwa ndani, na mlango ukafungwa. Bingwa wa bara zima akabaki nyumbani, kwa kukosa zile pointi ambazo hupatikana kwa nauli.

Nasema wazi kwamba jambo hili liliniuma wakati ule na linaniuma hata sasa. Na linaniuma zaidi nikiyatazama mashindano makuu manne ya Grand Slam, ya Melbourne, Paris, London na New York, ambayo wenyeji wake huwaalika kwanza watoto wao, na watatu miongoni mwao, Waustralia, Wafaransa na Wamarekani, hubadilishana mialiko kama majirani wanavyopelekeana sahani za futari. Afrika haina hata moja la kubadilishana. Katika bara lote, mashindano ya daraja la juu ya kila mwaka ni kule Morocco: wanaume Marrakech na wanawake Rabat. Mchezaji wa Kenya aliye nafasi ya mia mbili na Mwingereza aliye nafasi hiyo hiyo wanaweza kuwa sawasawa kwa mkono, kwa mguu na kwa moyo, na bado mmoja ana milango minane mbele yake na wa pili hana hata dirisha.

MAMA: Basi msigombane juu ya mzee na kijana. Pale ufuoni kwetu, samaki wakishapimwa, mwenye mtumbwi na nyavu ndiye agawaye. Wavuvi waliokesha na taa usiku kucha watapata alichoamua kuwapa. Huwezi kumlaumu kwa kuwapa kwanza wanawe. Ukitaka kugawa, nunua mtumbwi.

MWALIMU: Mama, umesema kweli, na mimi ni shahidi kwamba tulikuwa na mvuvi hodari asiye na mtumbwi. Paul Wekesa nimemtaja kwenu mara nyingi. Alicheza chuo Marekani, akazunguka ulimwengu tangu miaka ya themanini, akatwaa mataji matatu ya wawili wawili katika mashindano ya ATP, na kilele chake katika mchezo wa mmoja mmoja, nafasi ya 100, alikifikia mwaka 1995.

MWANAFUNZI: Alikuwa na umri gani?

MWALIMU: Alizaliwa Julai 1967.

MWANAFUNZI: Kwa hiyo alikuwa anakaribia au amefika miaka ishirini na minane. Mwalimu, shahidi wako amehamia upande wa Mama.

Mwalimu alicheka, akakubali. Na ushahidi wa aina hiyo ni mwingi kuliko watu wanavyodhani. Goran Ivanišević alikuwa na miaka 29 na yuko nafasi ya 125 alipoalikwa Wimbledon ya 2001, kwa heshima tu ya fainali tatu alizopata kushindwa, akashinda michezo saba akatwaa kombe. Mpaka leo hakuna mwingine aliyeingia kwa mwaliko akalichukua taji la mmoja mmoja pale. Ons Jabeur wa Tunisia alikuwa bingwa wa wasichana huko Paris mwaka 2011, kisha akasahauliwa na wengi kwa miaka mingi, na alipofika fainali ya Wimbledon, katika wiki zile zile Okutoyi alipokuwa akishinda, alikuwa na miaka 27. Mwafrika aghalabu huchelewa kung'aa katika mchezo huu, na sababu si mwili wake. Pale ambapo mtoto wa Ulaya hucheza mashindano mengi kwa mwaka kabla hajafikisha miaka kumi na sita, wetu hucheza machache. Miaka yake ya kujifunza haipungui, ila huanza baadaye na huenda polepole. Basi anayemtazama akiwa na miaka 26 na kumwambia wakati wako umepita, anahesabu kwa saa ya watu wengine.

Hata hivyo siwezi kumwacha Mwanafunzi peke yake na hoja yake, kwa sababu hofu yake ina msingi. Nafasi igawiwayo kwa hiari ya watu wachache nyuma ya mlango hupatwa na maradhi tuyajuayo sote: mpwa wa fulani, mwanachama wa klabu fulani, mtoto wa mfadhili. Aliposema kwamba katika nchi yetu mwaliko ungekuwa kitu cha kununuliwa, hapana aliyembishia. Ni hapo nilipowaeleza habari za Marcus Willis.

Mwaka 2016 Willis alikuwa na miaka 25, yuko nafasi ya 772, akifundisha tenisi katika klabu moja ya Warwick, na alikuwa amekaribia kuacha kabisa kushindana. Waingereza walikuwa na utaratibu wa kufanya mchujo wao wa ndani, kabla ya mchujo mkuu wa Wimbledon, ili baadhi ya nafasi za mwaliko wa kuingia mchujo huo zipiganiwe. Akaingia humo kwa kuwa mtu mmoja alijitoa. Akashinda michezo mitatu ya ndani, akashinda mitatu ya mchujo mkuu, akamshinda Ričardas Berankis aliyekuwa nafasi ya 54 kwa seti tatu tupu, na raundi ya pili akasimama mbele ya Roger Federer katika uwanja mkuu. Alishindwa, sita kwa sifuri, sita kwa tatu, sita kwa nne, na uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi. Mwaliko wake haukutoka mfukoni mwa mtu, aliupata kwa raketi.

MWANAFUNZI: Huo naukubali. Huo ni mchujo kwa jina jingine.

MWALIMU: Si hasa, binti yangu, kwa kuwa mchujo mkuu humtaka mtu awe na daraja kwanza, na huu wa ndani humtaka awe na mkono tu. Lakini tusibishane juu ya jina. Swali langu ni hili: sisi tuna nini cha kupigania?

Tunacho. Nairobi katika miaka ya karibuni imeandaa mashindano ya kimataifa ya daraja la chini, ya wanawake na ya wanaume, na katika jedwali la watu 32 mwenyeji hupewa aghalabu nafasi nne za mwaliko. Nne tu, na ni daraja la chini. Lakini mtumbwi wa Mama ndio huu, mdogo na wetu. Mwalimu aliendelea kutetea kwa nguvu zake zote kwamba zigawiwe vijana wa timu ya taifa. Rai yangu mimi ni kwamba mbili wapewe vijana kama alivyotaka, na mbili zipiganiwe hadharani, bila sharti la umri wala la klabu, katika mchujo wa mikoa uanzie Mombasa, Kisumu, Eldoret na Nakuru, ili yule mwalimu wa tenisi wa miaka thelathini na moja anayewarushia watoto mipira kila Jumamosi, na ambaye jioni hupiga ukuta peke yake, awe na pahala pa kuuleta mkono wake ukaonekana.

MWALIMU: Tatu kwa vijana, moja ipiganiwe.

MAMA: Mbili kwa mbili. Mwandishi amesema mbili.

MWALIMU: Mama, hao wazee wako wakishinda raundi moja, msimu ujao watakuwa wapi? Fedha ya nchi ni chache.

MAMA: Na hao vijana wako wakienda Marekani kusoma, msimu ujao watakuwa wapi?

Mwanafunzi alikuwa ameandika nyuma ya daftari lake majina ya miji ile minne na mstari chini ya kila mmoja. Akamuuliza Mama kama anaridhika.

MAMA: Sijaridhika bado. Umeandika mchujo ufanyike Kisumu, vizuri. Mshindi wa Kisumu atafikaje Nairobi, atalala wapi siku nne au tano, na nyuzi zikikatika nani atanunua nyingine? Andika hapo chini: nauli, malazi na nyuzi, juu ya mwenye mashindano. Usipoandika hivyo, atakayekwenda ni yule yule mwenye gari.

Akaandika.